Siku Tano za Gudulia la Achari

Gudulia lilipatikana Jumanne asubuhi ndani ya pipa la uwele, limezikwa hadi shingoni. Aliyelikuta ni Trikamlal, msimamizi wa stoo, mtu ambaye hajapata kukuta kitu akanyamaza. Alilibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota nyoka, akalipeleka moja kwa moja barazani kwa Mzee Anantrai. Ilipofika saa nne ashramu nzima ilikuwa inajua: katika nyumba ya watu waliokula kiapo cha kuushinda ulimi, kuna mtu anakula achari ya embe kwa siri.

Anayetaka kucheka acheke. Hata wao siku ile walicheka, kwa kuziba midomo. Mwaka ule watu walikuwa wanapasuliwa vichwa kwa virungu vya askari kwa kosa la kuchemsha maji ya bahari wapate chumvi bila kulipia ushuru wa Mwingereza. Wanaume ishirini na wawili wa ashramu walikuwa jela, na askari wa farasi alipita langoni kila asubuhi kuangalia nani amebaki. Katika hali hiyo achari ni kitu gani? Lakini Mzee alikuwa na msimamo wake tangu siku alipoijenga ashramu ile kando ya mto Mahi, huko India. Mtu asiyeweza kuuzuia ulimi wake usionje pilipili, alisema, hataweza kuuzuia mkono wake usirudishe pigo siku ya kupigwa. Ndiyo maana walikula dengu za kuchemsha, chapati za uwele na maboga yasiyojua bizari wala kitunguu. Aliyeteleza alisimama kwenye sala ya magharibi akasema mbele ya wote, na mambo yakaishia hapo. Aliyeficha alifungashwa virago.

Monghi alikuwa jikoni anakoroga dengu za watu arobaini na tatu gudulia lilipopita mbele ya mlango. Aliliona. Aliuona hata ule mdomo wake uliofungwa kitambaa cheupe chenye madoa mekundu, na fundo la mama yake, lile la kuzungusha mara mbili na kuchomeka ncha ndani. Mkono wake uliendelea kukoroga.

Gudulia lilikuwa lake.

Mama yake alimletea achari kila mwaka embe zilipokomaa, akisafiri siku mbili kwa gari la ng'ombe na treni kutoka Kathiawar, na kila mwaka Monghi aliipokea kwa adabu, akamsindikiza mama, kisha akaitoa na kuimwaga kwenye shimo la mbolea kama kanuni ilivyotaka. Miaka mitano alimwaga. Mwaka wa sita, miezi miwili baada ya kuleta gudulia, mama akafa. Monghi alipata habari akiwa bado hajamwaga, maana kulikuwa na mvua na shimo limejaa maji. Baada ya hapo hakuweza tena. Mtu atamwagaje kazi ya mwisho ya mikono ya mama yake shimoni, juu ya majivu na kinyesi? Alilizika kwenye uwele, na mchana wengine walipojilaza kwa joto alikwenda mara mojamoja, akafungua fundo, akachovya ncha ya kidole kwenye mafuta, akakilamba. Kipande cha embe hajala hata kimoja. Kidole tu, na machozi.

Angesema hayo siku ya kwanza, nani angemhukumu? Lakini tumjue kwanza mwanamke huyu alitoka wapi.

Aliolewa ana miaka kumi na mitatu na akafiwa na mume akiwa na ishirini na mmoja, ana mtoto mchanga wa kike mgongoni. Nyumbani kwa kaka wa marehemu, mjane alikuwa nuksi yenye miguu miwili. Kinyozi alikuja kila baada ya wiki mbili kumnyoa kichwa kwa wembe mkavu. Alikula mara moja kwa siku, mwisho wa wote, akiwa amekaa kwenye kona ya giza kando ya kuni, na siku za harusi alifungiwa humo ili bibi harusi asikutane na uso wake. Shemeji yake alikuwa ameanza kumtafutia mtoto yule, Champa, mume, na Champa ana miaka mitano. Monghi alitoroka naye wakati watu wote wamekwenda kuchoma maiti ya jirani, akatembea hadi miguu ikavimba, akaingia ashramuni kichwa kimenyolewa na sari moja. Mzee hakumuuliza ni wa tabaka gani. Alimuuliza kama anajua kupika.

Sasa ana nywele hadi mabegani. Anaamka na kengele ya saa kumi alfajiri, anamwaga ndoo za vyoo na kuzifukia kwa udongo zamu yake ikifika, anasokota nyuzi zake za siku kabla jua halijawa kali, na jikoni yeye ndiye mkubwa. Champa ana miaka kumi na mmoja, anasoma na kuandika, na hakuna anayemtafutia mume. Kufukuzwa ashramuni maana yake ni kurudi kwa shemeji. Hana kwingine. Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza Jumanne ile magharibi, walipoketi wote kwenye uwanja wa sala na gudulia limewekwa mbele ya Mzee.

Mzee aliuliza mmoja mmoja, kwa zamu, bila ukali. Je, ni chako? Ilikuwa desturi, na hakuna aliyekumbuka mtu kudanganya katika zamu ile. Monghi alikuwa amejipanga kusema kweli. Aliapa hivyo moyoni tangu adhuhuri. Zamu ilipofika kwa Champa aliyekaa kando yake, mtoto akasema si changu, sauti nyembamba ya kujiamini, na Monghi akamwona kwa mawazo kwenye kona ya giza kando ya kuni, kichwa kimenyolewa. Ulimi hauna mfupa. Kabla hajajua anasema nini alikuwa ameshasema: "Si changu, Baba."

Zamu ikapita. Ilipomalizika Mzee akasema kwamba kama kuna mtu wake anayeogopa kumwambia kweli, basi kosa ni lake yeye aliyeshindwa kuwalea, na atalilipa kwa mwili wake. Tangu jioni ile atakunywa maji tu, hadi mwenye gudulia ajitokeze.

Alikuwa ametoka jela miezi mitatu iliyopita na moyo unaosuasua kama saa mbovu.

Siku ya kwanza watu walidhani jambo litaisha kabla ya chakula cha mchana. Siku ya pili hawakuongea wakila. Monghi alipika kama kawaida, akapakua, akala sehemu yake kwa sababu asiyekula angeulizwa kulikoni. Mara tatu kwa siku alikula huku Mzee amelala barazani hatua thelathini tu kutoka jikoni, na gudulia limewekwa kwenye kigoda kando yake ili kila apitaye alione na dhamiri imguse. Kwa Monghi halikuwa linagusa. Lilikuwa linang'ata.

Alhamisi alasiri alijikaza, akajifunika sari vizuri, akaenda barazani. Alimkuta Mzee macho yamefumba, midomo imepauka. Akaketi miguuni pake, akavuta pumzi ya kuanza. Mzee akafumbua macho, akamwona, akatabasamu.

"Ni wewe, Monghi. Afadhali," alisema. "Nimelala hapa namwazia kila mmoja, huyu au yule, na kuwaza hivyo peke yake ni dhambi. Wewe tu ndiye sijakuwazia hata mara moja. Kukuona kunanipumzisha."

Sasa mtu aseme nini hapo? Monghi alimpangusa miguu, akambadilishia maji, akarudi jikoni akajifungia stoo akalia mdomo umezibwa na gunia. Nasema wazi kwamba aliogopa, na woga ule haukuwa wa heshima. Kuna watu huwa wanasifiwa hadi wanakosa pa kupitia.

Siku ya tatu ilikuwa ya Champa. Walikuwa wanachambua dengu wawili peke yao, mtoto akanyanyua kichwa akauliza polepole kama kile kitambaa cha kwenye gudulia si kama sari ya bibi, ile aliyokuwa akija nayo.

"Vitambaa vya madoa vimejaa dunia nzima," Monghi alijibu. "Chambua, mawe hayo."

Champa alichambua. Hakuuliza tena, ila tangu saa ile aliacha kumtazama mama yake usoni. Usiku alilala amempa mgongo, na asubuhi akajisuka nywele mwenyewe. Monghi aliona kwamba amejua. Uongo wa kwanza alikuwa ameusema kwa ajili ya mtoto, na wa pili akauambia mtoto mwenyewe. Mbele hapapitiki, nyuma hapapitiki, na jungu linataka kukorogwa.

Jumamosi daktari alikuja kutoka mjini. Alishika mkono wa Mzee muda mrefu, akatoka uani akawaambia kwamba moyo unaruka mapigo, na kama hatakula hadi Jumatatu yeye hataitwa tena, waite wa kuandaa kuni za kuchomea maiti. Langoni askari wa farasi naye aliuliza hali ya mgonjwa, kwa upole kabisa. Kila mtu alielewa upole ule. Serikali ilishatangaza kuchukua ardhi za walioshiriki mambo ya chumvi, na kilichoizuia pale ni Mzee tu, maana nchi nzima ya mto ule ilimheshimu. Mzee akifa, ashramu itavunjwa, na watu arobaini na tatu watatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Monghi alisikia hayo huku amebeba sinia la chapati. Kichwani mwake alikuwa ameshawaua wote.

Trikamlal naye hakukaa bure. Alipekua mabegi, akapekua magodoro, na hatimaye akaanza kuzunguka kwenye kibanda cha Mavji.

Mavji alikuwa mfumi wa nguo, mtu mrefu mkimya, wa watu wale ambao kijijini hawaruhusiwi kuchota maji kwenye kisima cha wengine, na Mbrahmani, mtu wa tabaka la juu, akikanyaga kivuli chao huenda kuoga. Ashramuni walikula naye mkeka mmoja kwa kiapo. Kiapo hakijawahi kubadili tumbo la mtu kwa siku moja, na Trikamlal, ambaye ni Mbrahmani, alikuwa bado akitafuna taratibu sana kila alipoketi karibu naye. Mavji ndiye aliyebeba magunia ya uwele kuingiza stoo. Trikamlal alimuuliza Jumatano. Akamuuliza tena Alhamisi, na Ijumaa, na Jumamosi mara mbili, kila mara kwa maneno yaleyale: kikulacho ki nguoni mwako, Mavji, na wengine ndimi zao zimezoea vitu vikali tangu utotoni, si ajabu, sema tu. Wengine walisikia na hawakumkanya. Monghi alisikia mara mbili kwa masikio yake. Akainama juu ya jiko.

Jumapili adhuhuri, siku ya tano, Mavji aliacha kitanda chake cha kufumia, akaenda barazani, akasema gudulia ni lake.

Ajabu ni jinsi walivyomwamini upesi. Hakuna aliyemuuliza alilipata wapi, wala lina nini ndani. Pumzi iliyozuiliwa siku tano ilitoka kwa wote mara moja, wengine wakalia kwa furaha, na Trikamlal akasema alijua tangu mwanzo. Ikaamuliwa kwamba Mzee atafungua mfungo magharibi kabla ya sala, na Mavji na mkewe wataondoka kesho yake asubuhi. Monghi akaagizwa akamue machungwa.

Alikuwa ameokoka. Ndivyo mambo yalivyokuwa, tusifichane. Alikaa jikoni na machungwa sita mbele yake, na kwa muda mfupi, kabla haya hazijamfikia, alichohisi kilikuwa raha tupu kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mzee atakula. Champa atasoma. Mwenye kosa amepatikana, na hakuna aliyemtuma ajitokeze.

Kisha Puri, mke wa Mavji, akaja mlangoni kurudisha sufuria mbili alizoazima. Alikuwa ameshaanza kufunga mizigo. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Mume wangu achari humpasua midomo tangu mtoto," alisema, akiweka sufuria chini. "Nimekaa naye miaka kumi na minne, hajawahi kuionja. Nimemuuliza kwa nini anatutenda hivi, anasema mzee wa watu asife. Haya. Sisi tutakwenda wapi, dada Monghi? Kule kijijini kisima tutaombea nani?"

Monghi alisema lolote lile, hata yeye hakulisikia. Puri alimtazama kitambo, bila kumshuku, akiwa na hamu tu ya kutazama mtu ambaye hakupiga vigelegele. Kisha akaenda zake.

Machungwa yalikamuliwa. Monghi aliyachuja kwa kitambaa mara mbili isibaki hata mbegu, na huku anachuja alifikiri kwa haraka kuliko alivyopata kufikiri maishani. Akisema sasa, kabla Mzee hajanywa, itakuwaje? Mzee atauliza, watu watabishana, Mavji atahojiwa, Trikamlal atataka ushahidi, na jua litazama na Mzee hajameza kitu. Daktari alisema Jumatatu, na Jumatatu ni kesho. Asiposema, Puri anaondoka alfajiri. Kwa hiyo Mzee anywe kwanza. Yeye ni mpishi, na mpishi hulisha kwanza, maneno baadaye.

Magharibi watu wote walikaa uwanjani. Waliimba wimbo mmoja mfupi. Monghi alipita katikati yao na bilauri mikononi, akapiga magoti, akampa Mzee. Mzee aliipokea, akafumba macho kuomba, akanywa kidogo. Akapumzika. Monghi alihesabu mafunda. Mzee akanywa tena, akapumzika tena, na muda wote huo Mavji amesimama pembeni kichwa kimeinama, na Champa yuko safu ya mbele anatazama mikono yake mwenyewe. Funda la mwisho lilipopita kooni, Monghi alipokea bilauri tupu, akaiweka chini, akabaki vilevile magotini.

"Gudulia ni langu," alisema. "La mama yangu. Mavji hajui hata ndani kuna nini."

Wa kwanza kusema alikuwa Trikamlal, naye alisimama kabisa.

"Ulijua," alimwambia. "Ulijua wakati anakunywa. Umemfungulisha mfungo kwa uongo."

Mzee aliitazama ile bilauri. Uso wake ulikuwa umepata rangi kidogo kwa ule utamu, na rangi ile ikaanza kuondoka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Trikamlal amesema kweli. Aliweka ahadi ya kufunga hadi mwenye kosa ajitokeze, naye amekunywa kabla. Ahadi imevunjika. Itabidi aanze upya.

Watu waliguna kwa hofu. Mwanamke mmoja alianza kulia. Monghi, ambaye siku tano nzima alikuwa mtu wa kuinama na kunyamaza, alifungua mdomo akagundua kwamba ana hasira.

"Hapana, Baba," alisema. "Kosa ni langu na njaa ni yangu. Mimi nimekosa, ukalala njaa wewe, akafukuzwa Mavji, na mimi mwenyewe nimekula mara tatu kila siku. Hiyo ni adhabu gani? Kila tukikosa unatunyang'anya kosa letu unalibeba wewe, sisi tunabaki tunakutazama unavyokufa. Ningejua nitafunga mimi, ningesema siku ileile. Nilichoogopa si njaa."

Hakuna aliyewahi kusema na Mzee Anantrai hivyo. Wafungwa wenzake hawakusema naye hivyo, wala hakimu wa Kiingereza. Mzee alimgeukia Mavji, akamuuliza kwa nini alisema uongo.

"Nimeulizwa mara tano, Baba," Mavji alisema. "Wengine waliulizwa mara moja. Nikaona jibu langu ndilo linalosubiriwa."

Maneno yale hayakupazwa sauti, wala hayakuwa na kinyongo. Trikamlal aliketi. Taa zikawashwa, na walioketi karibu na Mzee walisema baadaye kwamba midomo yake ilikuwa ikitikisika kama ya mtoto aliyegombezwa. Hatimaye aliamua. Mavji na Puri watafungua mizigo yao usiku huuhuu, na Trikamlal atakwenda kuwasaidia. Monghi atafunga siku tano kamili, maji tu, akiendelea kuwapikia wengine. Kuhusu kubaki au kuondoka, hilo litaamuliwa siku hizo zikiisha, maana kanuni ya anayeficha bado ipo. Kisha akauliza kama kuna uji.

Monghi alilibeba gudulia mwenyewe hadi shimoni. Hakulifungua. Champa alimfuata kwa nyuma, akasimama hatua chache, akangoja hadi mama yake alipomaliza kulia, kisha akamshika sari wakarudi pamoja.

Kufunga hakukumshinda. Mjane aliyelishwa mara moja kwa siku miaka mingi hafundishwi njaa. Kilichomtafuna ni ile siku ya tano. Alipika dengu, akazionja kwa macho, akapakua, na kila alipomwona Mzee anapita uani amejiegemeza kwenye fimbo, ameanza kunenepa mashavu, alijaribu kusoma uso wake na hakuambulia kitu. Alizifua sari zake mbili zikawa tayari. Alizisuka nywele za Champa akizishika muda mrefu kupita kawaida, akiwaza wembe mkavu. Alitafuta kichwani mtu mwingine yeyote duniani wa kumwendea, na hakumpata.

Ijumaa, siku yenyewe, saa tatu asubuhi, inspekta na askari kumi na wawili waliingia na karatasi. Mzee Anantrai alikuwa jikoni anakula chapati na maziwa ya mbuzi. Aliomba ruhusa amalize, akamaliza, akanawa, akavaa kandambili. Kifungo ni miezi kumi na minane, inspekta alisoma, kwa kuwachochea watu juu ya chumvi. Watu walijipanga njiani kumgusa miguu. Alipofika kwa Trikamlal alisimama, akamwambia jambo fupi sikioni, akaendelea na safari. Kwa Monghi aliweka mkono kichwani tu. Lango likafungwa.

Kwa hiyo mkuu wa ashramu sasa alikuwa Trikamlal.

Monghi alirudi jikoni. Alipika cha mchana, akaosha masufuria, akasokota nyuzi zake. Hakulia. Aliona mambo yamekwisha: aliyelifichua gudulia ndiye atakayeamua, na mtu yule maishani mwake hajapata kuiacha kanuni ipite bila kuisalimia. Alizikunja zile sari mbili akazifunga furushi moja, akaliweka nyuma ya mlango ili asije akaambiwa anachelewesha watu.

Magharibi, kabla ya sala, Trikamlal alikuja jikoni. Alikuwa ameshika bilauri. Ndani yake mlikuwa na maji ya machungwa yenye mbegu, nyuzinyuzi na kipande cha ganda, na shati lake lilikuwa limelowa kifuani, kwa sababu hakuwahi kukamua chungwa tangu azaliwe. Alimpa bila kumtazama. Monghi aliipokea kwa mikono miwili, akanywa, akatema mbegu kiganjani, akanywa tena.

"Kanuni bado ipo," Trikamlal alisema, akilitazama lile furushi nyuma ya mlango. "Sikuifuta mimi."

"Ndiyo, Bwana Trikamlal."

"Mzee ameacha neno moja tu. Amesema niulize kila mtu mara moja." Alikuna shingo. "Basi nakuuliza. Kuna kingine umeficha?"

"Hakuna."

Trikamlal alitikisa kichwa kukubali. Alichukua bilauri tupu, akaenda nayo hadi mlangoni, akasimama hapo amempa mgongo.

"Kesho ni zamu yako ya vyoo," alisema. "Kengele ni saa kumi. Usichelewe."

Akaenda zake sala. Monghi alibaki ameshika mbegu za machungwa kiganjani, kisha akalichukua lile furushi nyuma ya mlango, akaanza kulifungua.